Maji ya Bomba Nayo Huharibika

Watu wengi husema, "Maji ya mtoni yachemshwe, lakini ya bomba ni salama." Maneno haya ni kweli siku nyingi. Siku nyingine si kweli. Bomba ni njia tu ya kupitishia maji. Kilichoingia kisimani, ndicho kinachotoka bombani.

Leo tutasoma habari za mji mmoja wa nchi ya mbali. Watu wa mji huo walikuwa na mabomba ndani ya nyumba zao. Walikuwa na umeme, pampu na dawa ya maji. Hata hivyo, katika mwezi mmoja tu, maji yao yaliugua na watu wakafa. Soma habari hizi polepole. Kisha fikiri juu ya bomba la kijiji chako.

MJI WA WALKERTON

Mji wenyewe unaitwa Walkerton. Uko katika jimbo la Ontario, nchini Kanada. Mwaka 2000 mji huo ulikuwa na watu wapatao 4,800. Ni mji mdogo, na pande zote umezungukwa na wakulima na wafugaji wa ng'ombe.

Maji ya mji yalitoka katika visima. Kimoja kiliitwa Kisima cha 5. Kilichimbwa mwaka 1978. Kisima hiki hakikuwa kirefu. Maji yake yalitoka kina cha meta 5 hadi 8 tu chini ya ardhi. Juu ya mwamba kulikuwa na udongo mchache, na mwamba wenyewe ulikuwa na nyufa. Karibu na kisima palikuwa na shamba la mfugaji.

Mwishoni mwa mwezi wa Aprili mwaka 2000, mfugaji huyo alitandaza samadi shambani kwake. Hakufanya kosa. Kila mkulima mzuri hutia samadi. Lakini ndani ya mavi ya ng'ombe mna vijidudu vingi. Kimoja huitwa E. coli. Aina zake nyingi hazina madhara. Ila iko aina moja mbaya sana. Aina hiyo hukaa tumboni mwa ng'ombe bila kumdhuru. Ikiingia tumboni mwa binadamu, humharisha damu. Ikizidi, huharibu figo, hasa za watoto wadogo na wazee.

Kisha ikaja mvua kubwa. Kati ya tarehe 8 na 12 Mei zilinyesha milimeta 134. Maji ya mvua yaliosha samadi, yakapenya udongo, yakapita katika nyufa za mwamba, yakaingia katika Kisima cha 5. Pampu ikayavuta. Mabomba yakayapeleka majumbani. Kwa macho hayakuwa na kasoro ya kumtisha mtu. Watu wakanywa.

DAFTARI LA UONGO

Utauliza: Je, dawa haikutiwa katika maji?

Ilitiwa. Dawa hiyo inaitwa klorini. Klorini huua vijidudu vingi. Lakini klorini ina tabia moja ambayo kila msomaji aijue. Inapoua uchafu, yenyewe huisha. Uchafu ukiwa kidogo, klorini hubaki kidogo ndani ya maji. Uchafu ukiwa mwingi, klorini huisha yote, na vijidudu vilivyosalia huendelea na safari.

Ndiyo sababu mtu wa pampu hupaswa kupima maji kila siku. Akikuta klorini imebaki, anajua mambo ni mazuri. Akikuta haipo, hiyo ni hatari. Hapo hufunga kisima na kutoa habari.

Wafanyakazi wa maji wa Walkerton walikuwa na daftari la kuandika vipimo hivyo. Kila siku waliandika. Lakini siku nyingi hawakupima. Waliandika tarakimu za kubuni tu, karibu zilezile kila siku. Daftari lilionekana zuri, ila lilisema uongo.

Kwa nini walifanya hivyo? Hawakutaka kuwaua majirani zao. Wao wenyewe waliyanywa maji hayo hata kabla hayajatiwa dawa, kwa sababu waliamini ni mazuri. Tena baadhi ya watu wa mji walilalamika kwamba klorini inaharibu ladha ya maji. Basi dawa ikapunguzwa, upimaji ukaachwa, na miaka ikapita bila ajali. Mazoea yakawa sheria.

SIKU NNE ZA KIMYA

Sasa fuata tarehe hizi vizuri, ndugu msomaji.

Tarehe 15 Mei, maji ya mji yalichukuliwa kidogo na kupelekwa kupimwa.

Tarehe 17 Mei, majibu yalimfikia mkuu wa maji wa mji. Yalisema maji yana vijidudu vya kinyesi. Mkuu huyo alikaa kimya.

Tarehe 18 Mei, watoto walianza kufikishwa hospitalini wakiharisha damu.

Tarehe 19 Mei, watu wa idara ya afya walimpigia simu mkuu wa maji. Walimwuliza, "Je, maji yana kasoro?" Akajibu kuwa maji ni mazuri. Tarehe 20 waliuliza tena. Wakapata jibu lilelile.

Tarehe 21 Mei ilikuwa Jumapili. Wagonjwa walikuwa wamekuwa wengi. Idara ya afya haikungoja tena. Ilitangaza yenyewe: wananchi wasinywe maji ya bomba bila kuyachemsha. Tangazo lilitolewa katika redio za mahali hapo. Lakini si wote waliolisikia siku ile. Wengine waliendelea kunywa.

Tarehe 22 Mei, mtu wa kwanza alikufa.

Tarehe 23 Mei, idara ya afya ilipata majibu ya vipimo vyake yenyewe. Vijidudu vya E. coli vilikuwamo ndani ya maji.

Mwisho wa yote, watu 7 walikufa. Watu wapatao 2,300 waliugua. Wagonjwa 27 walipata ugonjwa wa figo unaoletwa na kijidudu hicho. Wengi wao walikuwa watoto. Wananchi waliendelea kuchemsha maji hadi tarehe 5 Desemba mwaka 2000. Hiyo ni zaidi ya miezi sita.

JAJI ALISEMA NINI?

Serikali ya jimbo ilimteua jaji mmoja, jina lake Dennis O'Connor, achunguze. Mwaka 2002 alitoa taarifa yake. Alisema kwamba kama klorini ingepimwa kila siku katika Kisima cha 5, madhara yangepungua sana. Tena alikadiria kwamba kama mkuu wa maji angesema kweli mara alipopata majibu, watu 300 hadi 400 wasingeugua.

Jaji hakuwalaumu wafanyakazi peke yao. Serikali ya jimbo nayo ililaumiwa. Ilikuwa imepunguza fedha na ukaguzi. Wala haikuwa imeweka sheria ya kuilazimisha maabara iipe idara ya afya habari mara inapoona maji mabaya.

Mwaka 2004 wafanyakazi wawili wa maji walikiri kosa mahakamani, wakahukumiwa. Lakini hukumu haimrudishi mtoto aliyekufa.

Wazee wetu walisema, "Mficha maradhi, kifo humuumbua." Huko Walkerton yalifichwa maradhi ya maji, na kifo kikayaumbua.

KWA NINI TUNACHEMSHA?

Moto ni dawa ya zamani, na bado ni dawa bora. Vijidudu vya kipindupindu, vya homa ya matumbo, vya kuhara damu, vyote hufa maji yanapochemka.

Moto hushinda hata pale klorini inaposhindwa. Mwaka 1993, katika mji mkubwa wa Milwaukee nchini Marekani, kijidudu kimoja kidogo sana kilipita katika mitambo ya kusafishia maji. Kijidudu hicho kina gamba gumu. Klorini ya bombani haikukiua. Watu wapatao 403,000 waliugua. Tarehe 7 Aprili mji ulitangaziwa uchemshe maji, na tangazo liliondolewa baada ya juma moja. Klorini ilishindwa na kijidudu hicho, lakini sufuria jikoni ilikiweza.

Wazee wetu watakumbuka kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973. Watu walikaa katika vikundi, wakasikiliza redio, wakasoma, wakajadiliana. Vyoo vingi vilichimbwa. Mafundisho ya wakati ule hayajazeeka.

JINSI YA KUCHEMSHA MAJI

Ukisikia tangazo kwamba maji ya bomba yameharibika, fanya hivi:

1. Kama maji yana tope, yaache yatulie. Kisha yachuje kwa kitambaa safi. Kipande cha kanga safi kilichokunjwa mara nne kinafaa.

2. Tia maji katika sufuria safi, uifunike, uiweke motoni.

3. Ngoja mpaka maji yatokote kwa nguvu. Mvuke peke yake hautoshi. Vipovu vidogo vya pembeni havitoshi. Maji yote lazima yarukeruke.

4. Yakisha kutokota, yaache yaendelee kwa dakika 1 nzima. Kama unakaa nyanda za juu sana, zaidi ya meta 2,000, kama vile Kitulo, yaache dakika 3. Huko juu maji huchemka kabla hayajawa na moto wa kutosha.

5. Ipua. Yaache yapoe humohumo, yakiwa yamefunikwa. Usiyapoze kwa kuongeza maji mabichi. Ukifanya hivyo, umerudisha vijidudu na umepoteza kuni zako.

6. Yamimine katika chombo safi chenye mfuniko. Mtungi, ndoo yenye koki au dumu vinafaa. Usichovye kikombe wala mkono. Tumia kata yenye mpini mrefu, na uitundike mahali safi.

Kama huna kuni, tumia dawa ya maji ya dukani au ya zahanati. Soma maandishi ya paketi. Tia kiasi kilichoandikwa, kwa maji yaliyoandikwa. Koroga, kisha ngoja dakika 30 kabla ya kunywa.

Jua nalo husaidia. Jaza maji maangavu katika chupa safi ya plastiki isiyo na rangi, isiyozidi lita 2. Ilaze juu ya bati juani kwa saa 6. Kama kuna mawingu mengi, ilaze siku 2.

MAJI YA KAZI GANI YACHEMSHWE?

Mama mmoja anaweza kusema, "Nitachemsha maji yote ya nyumbani? Kuni nitatoa wapi?" Hoja yake ni ya haki. Kuni ni kazi, na mkaa ni fedha. Basi tupige hesabu.

Nyumba yenye watu 6, kila mtu akinywa lita 2 kwa siku, inahitaji lita 12 za kunywa. Hiyo ni ndoo moja isiyojaa. Ongeza kidogo kwa kazi nyingine za kinywani. Maji yaliyochemshwa ni ya kazi hizi:

- Kunywa.
- Kusukutua na kupiga mswaki.
- Kuosha matunda na mboga zinazoliwa mbichi.
- Kutengeneza maji ya matunda na barafu.
- Kukorogea uji au maziwa ya mtoto, na kumeza dawa.

Maji ya chai, ya ugali na ya maharage huchemka yenyewe jikoni. Maji ya kufulia nguo na kusafishia sakafu hayana haja ya kuchemshwa. Kuoga unaweza, ila usiyameze. Watoto wachanga waogeshwe kwa uangalifu, maji yasiingie midomoni. Vyombo vya kulia viache vikauke kabisa juani juu ya kichanja baada ya kuoshwa kwa maji ya moto.

Chemsha jioni, ugali ukisha kuiva, moto ungali mkali. Maji yatapoa usiku. Asubuhi watoto watakunywa kabla ya kwenda shule.

Sasa angalia jambo moja. Moto huua vijidudu tu. Hauondoi chumvi. Hauondoi sumu ya dawa za shambani. Hauondoi madini ya floridi yanayotia meno rangi ya kahawia, kama katika sehemu nyingi za Arusha. Maji hupungua kwa mvuke, madini hubaki. Kama tangazo linasema maji yameingiwa na sumu, usichemshe. Tafuta maji mengine.

MTU AKIANZA KUHARISHA

Mtu anayeharisha hupoteza maji na chumvi. Hiyo ndiyo inayoua upesi. Mpe maji yenye chumvi na sukari ya paketi kutoka zahanati. Kama huna, tengeneza: maji lita 1 yaliyochemshwa na kupoa, vijiko vidogo vya chai 6 vya sukari, na nusu kijiko kidogo cha chai cha chumvi. Vijiko viwe sawasawa, visijae mlima. Mnyweshe kidogo kidogo, mara nyingi. Mtoto anayenyonya aendelee kunyonya.

Ukiona damu, au mtoto amelegea, au macho yamebonyea, au hakojoi, mpeleke zahanati mara moja. Usinunue vidonge dukani kwa kubahatisha. Kile kijidudu cha Walkerton ni kimoja kati ya vile ambavyo vidonge visivyofaa vyaweza kuongeza madhara yake. Mwachie mganga aamue.

Na ukiona wagonjwa wa kuhara wamekuwa wawili au watatu katika nyumba za jirani, toa habari. Huenda wanakunywa bomba moja.

BOMBA LA KIJIJI CHAKO

Ndugu msomaji, yaliyotokea Walkerton yanaweza kutokea popote penye kisima, ng'ombe na mvua. Hebu tembea leo, ukaangalie.

Je, kisima au chemchemi yenu imezungushiwa uzio? Ng'ombe wananywa wapi? Vyoo viko upande wa juu au wa chini? Mvua ikinyesha, maji ya juu yanaelekea wapi?

Fuata bomba. Kama pana ufa na tope, hapo pana mlango wa vijidudu. Maji yanapokuwa mengi ndani ya bomba, hutoka nje kwenye ufa huo. Maji yakikatika, bomba huwa tupu, nalo hufyonza maji machafu ya nje. Kwa hiyo maji yakirudi yakiwa na rangi ya udongo, usiyanywe. Yatumie kumwagilia bustani mpaka yatoke maangavu. Hata hapo, chemsha.

Kisha nenda kwenye kamati ya maji. Uliza: Dawa inatiwa? Nani anapima? Anaandika wapi? Omba kuliona daftari.

Zamani wengi wetu tungeonyeshwa daftari, tukatikisa kichwa, tukarudi nyumbani. Sasa wewe unajua kusoma. Lisome. Je, kila siku ina kipimo chake? Je, tarakimu ni zilezile kwa miezi mingi, mvua na kiangazi? Tarakimu zisizobadilika kamwe ni za kuulizwa. Uliza kwa adabu, mbele ya mkutano. Mtu wa pampu mwaminifu hataona vibaya. Atafurahi kwamba kazi yake inasomwa.

Na mtu wa pampu naye asiogope kusema, "Leo maji ni mabaya." Siku hiyo wanakijiji wasimtukane. Wamshukuru. Kama watu humzomea mtu anayeleta habari mbaya, kesho ataificha.

Tangazo likitolewa, lisiishie redioni. Mwenyekiti wa kitongoji apige mbiu. Msikitini na kanisani litangazwe. Mwalimu awaambie watoto, nao wawaambie wazazi. Andika kwa chaki juu ya ubao, uutundike bombani: MAJI HAYA YACHEMSHWE. Yuko bibi mmoja asiyesikia vizuri, au jirani asiye na redio. Mwendee nyumbani kwake.

Tangazo likiondolewa, fungua bomba maji ya zamani yatoke. Mwaga maji mabichi yaliyokaa katika mitungi na madumu, na barafu iliyotengenezwa kwa maji hayo. Osha vyombo, ndipo ujaze upya.

Gharama ya kuchemsha ni kuni chache. Gharama ya kupima ni dakika chache. Gharama ya kusema kweli ni aibu ya siku moja. Watu wa Walkerton walilipa zaidi ya hayo.

MASWALI YA KUJADILIANA KATIKA KIKUNDI

1. Vijidudu vilitoka wapi mpaka vikaingia katika Kisima cha 5?
2. Kwa nini klorini inapimwa kila siku, hata kama imetiwa?
3. Mkuu wa maji alikaa na majibu siku ngapi kabla ya tangazo kutolewa? Wewe ungefanya nini?
4. Nyumba yenu ina watu wangapi? Inahitaji lita ngapi za maji ya kunywa yaliyochemshwa kwa siku?
5. Maji ya kijiji chenu yakiharibika usiku huu, nani atatangaza, na kwa njia gani?

MANENO YA KUKUMBUKA

Klorini: dawa ya kuua vijidudu katika maji.
Kijidudu: kiumbe kidogo sana, hakionekani kwa macho, huleta maradhi.
Figo: sehemu ya mwili inayochuja damu na kutoa mkojo.
Samadi: mavi ya wanyama yanayotiwa shambani kuwa mbolea.
Tangazo la kuchemsha maji: amri ya idara ya afya kwamba maji ya bomba yasinywewe mabichi.